Kidonda kisichopona: usikifiche kwenye soksi

Leo napenda tuzungumzie vidonda sugu, vile ambavyo wengi wetu tunaviita donda ndugu. Mimi ni muuguzi, nimesomea nyumbani na hapa Ulaya, na kinachonisikitisha ni kuona mtu akificha kidonda miezi mingi kwa aibu.

Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona baada ya wiki nne kina sababu nyuma yake. Mara nyingi ni kisukari, au damu isiyozunguka vizuri miguuni. Ukisafisha juu tu bila kutibu sababu, kitafunga na kufunguka tena.

Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu. Kwa hiyo usiegemeze miguu kwenye radiata wakati wa baridi, utaungua bila kujua. Kagua nyayo zako kila jioni.

Dalili za maambukizi ni usaha, harufu mbaya, joto, uvimbe na maumivu yanayozidi. Utaambiwa pia utazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Linganisha na mguu wa pili: je, pana weusi zaidi, pamevimba, pana joto?

Tafadhali epuka mambo haya:
- Kunyunyiza unga wa kapsuli za rangi mbili. Hautibu maambukizi ya ndani, na vijidudu huzoea dawa.
- Kumimina spiriti. Inaunguza nyama mpya.
- Kuacha kidonda wazi kikauke. Hupona vizuri kikiwa kimefunikwa na kina unyevu kiasi.

Hapa Ubelgiji daktari akikuandikia karatasi, muuguzi huja nyumbani kwako kukufunga kidonda, na mutuelle hulipia huduma hiyo. Kama huna makaratasi ya kuishi hapa, usikae kimya. Nenda CPAS ya komuni yako ukaombe aide médicale urgente. Jina linasema dharura, lakini hata matibabu ya kidonda sugu yanaweza kulipiwa humo, daktari akithibitisha kuwa unayahitaji.

Ukipata homa na kutetemeka, au kidole kikigeuka cheusi, usisubiri kesho. Nenda dharura, kwa mfano hospitali ya Brugmann hapa Laeken, au piga 112. Miguu mingi inayokatwa ingeweza kuokolewa kama mgonjwa angewahi.

Kama una mzazi au jirani anayechechemea, muulize leo. Nawatakia afya njema.