Ushuru wa mauzo hauangalii faida

WENYE maduka wengi huamini kwamba ushuru hufuata faida. Ushuru wa mauzo haufanyi hivyo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 1 hadi 3 ya mauzo yote, nao hulipwa kila mwezi na biashara inayouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka.

Mathalani, duka la unga na sukari huuza bidhaa za Sh400,000 kwa mwezi na kubakiwa na Sh8,000 baada ya gharama. Ushuru wake ni Sh12,000: faida imekwisha, na mtaji umemegwa.

Hapo ndipo mhasibu anapofaa. Sheria humruhusu mwenye duka kumwandikia Kamishna wa Ushuru kwamba amechagua kutozwa ushuru wa mapato, ambao huhesabiwa kwa faida. Kwa faida ndogo kama hiyo, iwapo hana pato jingine, nafuu anayopewa kila mkazi anayelipa ushuru huufuta wote.

Lakini, na hili washauri wa vichochoroni hawalitaji, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS kwa kawaida haikubaliwi. Anayenunua magunia bila ankara hiyo atahesabiwa faida asiyoipata.