Kwa Nini Mbung'o Wengi Hawana Malale

Je, wajua kwamba mbung'o wengi wanaonyonya damu yenye vimelea vya malale huviangamiza tumboni? Aliyepita Serengeti akaumwa juu ya shati anaweza asiamini, lakini wanaofikia kueneza ugonjwa huo ni wachache.

Siri iko utumboni. Mbung'o, awe dume au jike, hali kingine ila damu, na damu ina vitamini haba za kundi B. Pengo hilo huzibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayeishi ndani ya seli maalumu za utumbo wa kati. Seli hizo zimejipanga kwa umbo la herufi U, na bila bakteria hao jike huwa tasa.

Lakini kinga ya mdudu huamka inapogusana na vipande vya ukuta wa bakteria. Mbona basi haimwui Wigglesworthia? Mbung'o hutengeneza protini inayovikatakata vipande hivyo kabla kinga haijashtuka. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba protini hiyohiyo hudhuru vimelea vya malale.

Bakteria hao mbung'o huwapata kwa mama yake. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hubeba buu mmoja tu tumboni, akamnyonyesha maziwa yanayotoka kwenye tezi yake. Baada ya siku 9 au 10 humzaa, naye mtoto hujichimbia udongoni papo hapo. Ndani ya maziwa hayo ndimo mama anamorithisha bakteria. Watafiti walipowaondoa bakteria kwa mama kwa antibiotiki, wakazidi kumlisha virutubisho ili aendelee kuzaa, watoto walikua na kinga dhaifu, na vimelea viliwaingia kwa urahisi.

Utando wa utumbo wa watoto hao nao ulikuwa na kasoro. Kwa kawaida, sehemu ya mbele ya utumbo hutoa utando mwembamba mfululizo, unaoizingira damu kama soksi. Kimelea kinachotaka kuishi hakina budi kuuvuka. Ndiyo maana mbung'o aliyetoka tu kwenye bundo (pupa), ambaye utando wake haujakamilika, huambukizwa kwa urahisi anapokunywa damu yake ya kwanza.

Vimelea vichache vinavyopenya hubadilika umbo mara kadhaa, na baada ya wiki 3 hivi hufika kwenye tezi za mate. Hapo hukaa daima: mbung'o huyo huweza kuambukiza mpaka afe.