Breki Zinalia? Usiangalie Pedi ya Nje Pekee, Hiyo Hukudanganya Mchana

Kama uko na ile Suzuki Jimny ya kitambo na wikendi hupenda kuipeleka Suswa kula vumbi, hii stori ni yako. Kama huna ndai, soma tu. Kuna siku utabebwa na msee ako nayo.

Mimi nilijua haya mambo nikiwa na Jimny ya brathe. Tulitoka Suswa Jumapili, kufika Jumatano tairi ya mbele kushoto ikaanza kulia kriii kila nikikanyaga breki. Nikainama, nikachungulia kwa rimu, nikaona pedi bado nene. Nikasema ni vumbi, itaisha. Wiki mbili baadaye tunashuka mteremko wa kwenda Mai Mahiu, kelele ikageuka ikawa ya chuma kwa chuma na pedali ikaanza kutetemeka. Mbele trela, nyuma matatu inanipigia honi. Nikarudisha gia ya pili, nikaacha injini ndio ishike gari, tukashuka hivyo pole pole hadi chini. Hakuna mtu aliongea humo ndani.

Fundi alipotoa tairi, pedi ya nje ilikuwa fiti. Ya ndani ilikuwa imeisha kabisa, chuma imechimba diski mitaro.

Cheki venye iko. Kwa Jimny, kalipa ya mbele ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yenyewe inateleza kwa pini mbili na kuvuta ile ya nje. Sasa matope na maji ya mto yakiingia kwa hizo pini, zinashika kutu na kukwama. Kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, na wewe ukichungulia unaona ile mvivu ya nje. (Prado na Land Cruiser nyingi zina pistoni pande zote mbele, so huko angalia kama kuna pistoni imekwama.)

Ndio maana kubadilisha pedi peke yake ni kutupa doo. Brathe alikuwa ameweka mpya miezi michache tu kabla, na fundi wa mtaa hakugusa pini. Sasa ukienda, simama hapo karibu uone zikitolewa, zisuguliwe, zipakwe grisi ya breki, si ile ya kawaida, hiyo huvimbisha raba. Raba ikiwa imepasuka, ibadilishwe, hiyo ndio mlango wa matope. Na kalipa isiachwe ikining'inia kwa paipu yake, ifungwe na waya.

Diski nayo ipimwe. Nyingi zimeandikwa unene wa mwisho pale pale kwa chuma, tafuta herufi MIN TH. Ikiwa chini ya hapo, ni kununua ingine, usikubali ichongwe. Ukienda Grogan utapata pedi za kila bei. Chukua za magurudumu yote mawili ya mbele, kushoto na kulia, ama gari itavuta upande mmoja ukishika breki. Pedi yoyote ikibaki milimita 3, hiyo imeenda.

Pistoni ikirudishwa ndani, mafuta ya breki hupanda kwa kikopo chake, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Na kabla uondoke gereji, pampu pedali hadi iwe ngumu. Usiposhika hii utakanyaga mara ya kwanza na iende hadi chini, na ukuta wa gereji uko hapo mbele.

Halafu tafuta barabara tupu, enda kama 50, punguza mwendo taratibu bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi ukiacha zipoe katikati. Hapo pedi na diski zinazoeana. Mai Mahiu ingoje kidogo.