Mbwa Mdogo Mwenye Hofu Atafutiwe Boma Linalomfaa

Mbwa mdogo aliyeokotwa sokoni au kando ya barabara mara nyingi huwa na hofu. Huenda akabweka ovyo, akalinda chakula chake kwa ukali au akauma anaposhikwa ghafla. Huo si ukaidi, bali ni njia yake ya kujikinga.

Katika Kaunti za Kisii na Nyamira, maboma mengi yamekaribiana, na watoto wa shule na wachuma chai hupita kando ya ua. Mbwa wa aina hii hafai boma lenye watoto wadogo. Anafaa watu wazima watulivu, wenye ua uliofungwa na muda wa kumzoesha polepole. Anayemtoa aeleze ukweli wote: anachoogopa na kama amewahi kuuma. Kuficha ni kumhamishia jirani hatari.

Kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani maumivu pia humfanya mbwa awe mkali. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi 3, chanjo irudiwe kila mwaka, na cheti kikabidhiwe mwenye boma jipya. Aliyemuuma mtu karibuni asihamishwe. Atengwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Mtu akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asisubiri dalili: zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.