Rangi za maji zaweza kukufichulia ugonjwa wa macho

Ewe mstaafu wa Shirere, kama umeamua kujifundisha kuchora kwa rangi za maji, umefanya vyema. Anza na ndizi mbivu au jani la sukuma wiki. Ukizoea, panda matatu hadi Ilesi ukachore lile jiwe linalolia.

Tafuta karatasi nzito, kwani nyepesi hujikunja ikilowa. Tangulia na rangi hafifu. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Chora asubuhi, maana mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na unyevu wake huchelewesha rangi kukauka. Usichonge ncha ya brashi kwa ulimi: baadhi ya rangi zina kadimiamu, ambayo ni sumu. (Na kikombe cha chai kiwe mbali na cha kuoshea brashi!)

Jambo kubwa ni macho. Mtoto wa jicho huja polepole, bila maumivu, na mtu huzoea. Lakini ukiona buluu imefifia na nyeupe ina umanjano, au wajukuu wakikuuliza mbona rangi zako si za kweli, usilaumu brashi. Claude Monet, mchoraji maarufu wa Ufaransa, alipatwa na hayo hata akapasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 82. Miwani ya sokoni haiondoi mtoto wa jicho, wala dawa ya matone. Tiba ni upasuaji, na Hospitali ya Macho ya Sabatia iko Vihiga, kaunti jirani. Nenda ukapimwe mapema.