Barua pepe ikikataa baada ya apdeti, usikimbilie kufuta akaunti

Jumatatu ya juma lililopita, hata sijamaliza kufagia mlango wa saiba yangu hapa Voi, Mwalimu alikuwa ameshafika. Ni mwalimu mstaafu kutoka Sagalla ya chini, na nikimwona amekumbatia laptopu yake namna ile huwa najua kumeharibika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Hii mashine imejifanyia apdeti usiku. Imemaliza bando yangu yote, na sasa barua haziingii. Inaniuliza paswadi, naiweka, inaniuliza tena."

Tangu astaafu, Mwalimu huwaandikia majirani madai ya fidia ndovu wakiingia mashambani. Watu wa Sagalla wanawajua ndovu wa Tsavo kuliko mtalii yeyote. Kuna mashamba kule yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki ili kuwazuia, na bado wengine hupita. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mazao na mifugo, mbali na ile ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa. Lakini dai haliendi kwa mdomo. Linataka fomu, picha, tarehe, na barua zinazokwenda na kurudi kwa miaka. Safari hii alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba angeandikiwa barua pepe kueleza nini kinakosekana katika dai moja la 2019, naye ajibu kabla ya Ijumaa.

Kijana mmoja wa jirani alikuwa ameshampa dawa: "Futa hiyo akaunti, halafu uiweke upya." Mwalimu alifika hadi pale programu inapouliza kama una hakika. Hapo akasita, akafunga mashine, akapanda matatu kuja mjini.

Kusita kule ndiko kulikomwokoa. Nasema hivyo kwa sababu miaka kadhaa nyuma, nikiwa mgeni katika kazi hii, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mwakingali aliniletea shida kama hiyo. Mimi nikajifanya fundi. Nikafuta akaunti, nikaiweka upya kwa dakika tano, barua mpya zikaanza kuingia, tukafurahi. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, barua za wageni wangu za miaka mitatu ziko wapi?" Hazikuwa popote. Sikumtoza pesa, lakini hilo halikumrudishia hata barua moja.

Kosa langu lilikuwa kutouliza barua zinakaa wapi. Fikiria sanduku la posta. Wako watu wanaokwenda posta, wanafungua sanduku, wanasoma barua palepale na kuzirudisha ndani. Wengine huzibeba zote nyumbani, na sanduku linabaki tupu. Programu za barua pepe nazo zina tabia hizo mbili. Njia inayoitwa IMAP inaziacha barua kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali ya kampuni inayokutunzia sanduku, na wewe unaona kivuli chake tu. Njia ya zamani inayoitwa POP inazileta kwenye mashine yako, na ikiwa imepangwa hivyo inazifuta kule zilikotoka. Mwenye IMAP akifuta akaunti kwenye programu hapotezi kitu kikubwa, zitashuka tena. Mwenye POP anaweza kuwa anachoma nyumba yenye barua zote.

Basi kabla hujagusa chochote, chukua simu yako na ulifungue sanduku lako kupitia brauza. Sitaki ufungue programu kwenye simu. Ingia kwenye ukurasa wenyewe wa kampuni ya barua, kwa anwani na nywila yako ya kawaida. Ukiingia, umeshajua kwamba akaunti ni nzima na nywila ni sahihi, na ugonjwa uko kwenye kompyuta. Halafu teremka hadi barua ya zamani kabisa na uangalie tarehe. Kisha angalia barua ya zamani kabisa kwenye kompyuta. Tarehe zikikaribiana, tulia. Kama kwenye simu zinaanzia mwezi uliopita na kwenye kompyuta zinaanzia 2017, toa mkono kwenye kipanya.

Kwa Mwalimu, simu ilionyesha barua za wiki tatu tu. Nilimuuliza kwa nini, akakumbuka: picha za mahindi yaliyokanyagwa zilijaza sanduku, barua mpya zikawa zinarudishwa, na mtu akampangia programu ifute kule kila inapopokea. Si ajabu. Sanduku la bure la Google, kwa mfano, ni GB 15, na humo zimo barua, picha na faili nyingine zote za akaunti hiyo. Kwa hiyo kazi yake ya miaka yote ilikuwa ndani ya laptopu moja ya mtumba, betri yake ikiwa haimalizi saa nzima.

Tukanakili kwanza. Ikiwa unatumia Outlook ya zamani, ile ya kununua, tafuta faili zinazoishia na herufi pst, maana humo ndimo barua za POP zinamolala. Zile zinazoishia na ost kwa kawaida ni nakala ya yaliyo kwenye seva, hizo hazina presha. Kwa Thunderbird nakili folda yote ya wasifu wako. Ifunge programu kabla ya kunakili, la sivyo unaweza kupata faili nusu nusu. Flashi ya GB 32 huwatosha wengi. Ukishamaliza, ichomoe kabisa na uiweke mfukoni. Mwalimu aliiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuanza kutafuta ugonjwa, na hapo hakuna haraka tena.

Anza na saa ya kompyuta. Nitachekwa, lakini nimeshawahi kumrudishia mtu mashine yake kwa dakika moja kwa sababu tu ilikuwa inaamini tuko mwaka mwingine. Mashine nyingi tunazotumia hapa ni kuukuu, na kabetri kanakolinda saa kamekufa. Umeme ukikatika, au apdeti ikiizima na kuiwasha, saa inarudi nyuma. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yenye tarehe potofu hukikataa cheti hicho, kisha inakuambia kwamba muunganisho si salama. Rekebisha tarehe, jaribu tena.

Saa ya Mwalimu ilikuwa sawa. Yake ilikuwa nywila, na hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Apdeti kubwa mara nyingine hupoteza nywila zilizokuwa zimehifadhiwa. Mwaka 2020, toleo la Windows 10 lililoitwa 2004 lilifanya hivyo kwa watu wengi, na Microsoft yenyewe ilikubali kwamba Outlook na programu nyingine zilikuwa zinasahau nywila. Ikisahau, itakuuliza. Wewe unaweka nywila yako ya kawaida, ileile inayofanya kazi kwenye simu, na inakataliwa. Unaanza kujishuku.

Hujakosea. Kampuni kubwa ziliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka kwa programu za zamani. Google ilifanya hivyo kwa akaunti za watu binafsi kuanzia tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ikafuata kwa anwani za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Sababu yao inaeleweka: nywila iliyoibwa ilikuwa inatosha kumfungulia mwizi kila kitu. Sasa programu mpya hukufungulia dirisha la kampuni yenyewe, unaingia humo na kukubali. Programu ya zamani haina dirisha hilo. Kwa Google kuna mlango wa pembeni, yaani nywila ya programu. Ni herufi 16 zinazotengenezwa kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti yako, na hazitatokea mpaka uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu. Kwa anwani za Microsoft usipoteze muda, weka programu mpya inayojua njia ya dirisha.

Mwalimu alikuwa na nywila ya namna hiyo. Mimi ndiye niliyemtengenezea 2022, naye akaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Kalenda ya 2022 iko wapi leo? Haidhuru, nywila hiyo si ya kutunzwa. Ikipotea unatengeneza nyingine na kuifuta ya zamani. Ila ujue jambo moja linalowanasa wengi: ukibadilisha nywila kuu ya akaunti ya Google, zile za programu zote zinakufa papo hapo. Mtu anaona onyo, anabadilisha nywila kwa uangalifu wake, kisha barua zinakatika na lawama anapewa apdeti.

Wapo pia ambao programu yao haikuharibika bali ilistaafishwa. Ile programu ndogo ya barua iliyokuja ndani ya Windows 10, yenye picha ya bahasha, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024. Tangu hapo haitumi wala haipokei, na hakuna fundi wa kuifufua, ingawa barua zilizobaki ndani ya mashine bado zinaweza kutolewa. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ndiyo maana wengi wamehamia Windows 11 na kukuta Outlook mpya ikiwasubiri. Hiyo Outlook mpya ina jambo ambalo ningetaka ulijue kabla hujakubali: ukiiwekea anwani ya kampuni nyingine, inaweza kuhifadhi nakala ya barua zako kwenye seva za Microsoft. Huenda hilo halikusumbui. Lakini aliye na barua zenye namba za vitambulisho na akaunti za benki za majirani, kama Mwalimu, namshauri Thunderbird, ambayo ni ya bure na haina habari hizo.

Wenye anwani za jina lao wenyewe, kama shule, makanisa na nyumba za wageni, shida yao mara nyingi iko upande wa seva. Thunderbird toleo la 78, la 2020, iliacha kuzungumza lugha za zamani za usalama, TLS 1.0 na 1.1, na seva za bei rahisi ambazo hazikuwahi kuguswa zikaachwa nje. Mtandaoni utaonyeshwa namna ya kuilazimisha programu ikubali lugha hiyo ya zamani. Mimi siifanyi. Mpigie anayekuuzia nafasi ya seva aifanyie kazi, ndiyo sababu unamlipa kila mwaka. Na ikiwa barua zinaingia lakini hazitoki, angalia namba ya poti ya kutumia: iwe 465 au 587, si 25 ya zamani.

Kurudisha mashine kwenye toleo la awali kunawezekana. Baada ya kuhamia toleo kubwa jipya, Windows kwa kawaida inakupa siku 10 za kughairi. Siipendi njia hiyo kwa sababu apdeti itarudi tu, na utakuwa umebaki bila kinga katikati. Kinachosaidia watu wetu wa hotspoti ni kwenda kwenye mipangilio ya wifi na kuitia alama kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Hapo Windows hupunguza sana kujipakulia vitu usiku na kumeza bando.

Na katika siku hizo za kuhangaika, jihadhari na barua au kidirisha kinachosema sanduku lako litafungwa usipothibitisha nywila, au kinachokupa namba ya simu ya kupiga. Walaghai wanajua majira ya apdeti kama sisi tunavyojua majira ya mvua.

Tulipoweka zile herufi 16, programu ilikaa kimya kama dakika nzima. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha barua zikaanza kushuka. Ya kwanza ilikuwa tangazo la viatu. Ya nne ndiyo aliyokuwa akiingojea: walitaka picha za shamba jinsi lilivyokuwa asubuhi ile ya 2019. Akaandika jina la mwenye shamba kwenye sehemu ya kutafuta, na picha sita zikatokea, mahindi yamelala na nyayo za ndovu zimejaa maji. Alizituma saa nne na robo, akaniuliza deni lake ni ngapi, akataka na flashi nyingine ya kuweka kwa dada yake Mwatate.