Nakala Rudufu za Faili za Mfumo: Zipi Ziachwe, Zipi Zifutwe

Katika ofisi za shule, vyama vya msingi vya ushirika na steshenari za Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kama ilivyo kule chini Himo na Moshi mjini, kompyuta ya mtumba yenye diski ndogo ni kitu cha kawaida, na diski hiyo inapojaa, mtumiaji au fundi wake huwa mwepesi wa kutafuta faili zilizojirudia ili azifute. Zipo programu zinazofanya kazi hiyo: kila faili hukokotolewa tarakimu maalumu kutokana na yaliyomo ndani yake, na faili mbili zenye tarakimu moja huhesabiwa kuwa nakala ya kitu kimoja. Kwa picha na nyimbo, njia hii inaaminika. Kwa faili za mfumo endeshi, yaani zile zinazoiwezesha kompyuta yenyewe kuwaka na kuendesha programu nyingine, njia hiyo hiyo ni ya hatari, kwa kuwa inaweza kuonyesha kwamba faili mbili zinafanana lakini haiwezi kusema kama zote mbili zinahitajika.

Anayelinganisha majina tu naye hukosea, na mfano ulio wazi ni wa Windows ya biti 64. Ndani yake zimo folda mbili, System32 na SysWOW64, ambazo faili nyingi ndani yake zina majina yale yale, ikiwamo kernel32.dll. Kinyume na majina ya folda zenyewe, System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye faili za biti 32 zinazohudumia programu za zamani. Mpangilio huu umewachanganya hata mafundi wazoefu, na lawama hapo ni ya walioyachagua majina hayo. Faili hizo zinafanana jina tu, na anayeifuta SysWOW64 kwa kudhani kwamba ni marudio atakuta programu yake ya zamani ya hesabu haifunguki tena.

Folda inayolaumiwa zaidi ni WinSxS, ambayo huonekana kubeba gigabaiti nyingi. Asili yake ni tatizo la miaka ya 1990, wakati programu mpya ilipoweza kuingia na kuiandika upya faili iliyokuwa ikitumiwa na programu nyingine, ya kwanza ikafanya kazi na ya pili ikafa. Windows 2000 ilianza kuzilinda faili hizo kwa kuziwekea akiba, na tangu Windows Vista folda ya WinSxS imekuwa ghala kuu la sehemu zote za mfumo. Ukubwa wake unaoonekana unapotosha, kwa sababu faili moja iliyoandikwa mara moja tu kwenye diski inaweza kuwa na majina mawili, moja katika ghala na jingine katika System32, sawa na Mchaga mwenye jina la ubatizo na jina la nyumbani ambaye anayehesabu majina badala ya vichwa atamhesabu mara mbili. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kinachoitwa marudio haichukui nafasi yoyote ya ziada.

Ghala hilo lina faida nyingine ambayo mtu wa mlimani, anayenunua bando kwa kupima, ana sababu ya kuithamini. Umeme unapokatika ghafla na faili ya mfumo ikaharibika, amri ya sfc /scannow, inayotolewa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huukagua mfumo na kurudisha faili nzima kutoka ghalani bila kuhitaji intaneti. Ghala likishafutwa, matengenezo hayo huwa ni kupakua upya gigabaiti kadhaa.

Yapo hata hivyo marudio ambayo ni adui. Flashi inayotoka kwa mwalimu kwenda steshenari kuchapisha mitihani, kisha ikarudi shuleni, mara nyingi hubeba kirusi kinachozificha folda halisi na kuweka mahali pake faili zenye majina yale yale na picha ya folda, ambazo mwisho wa majina yake ni .exe au ambazo ni njia ya mkato tu. Kwa kawaida Windows huficha miisho ya majina, hivyo ni vema ikaamriwa iionyeshe. Vivyo hivyo, svchost.exe ni faili halali ikiwa ndani ya System32, lakini ikikutwa kwenye flashi inapaswa kutiliwa shaka mara moja. Flashi ya namna hiyo husafishwa kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha, ikiwa inasomeka kama E, amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huzirudisha folda zilizofichwa, na kuifomati kabla ya hapo ni kupoteza kazi ya watu bure.

Kinachoweza kuondolewa kwa usalama ni folda ya Windows.old, ambayo ni mfumo mzima wa zamani unaobaki baada ya kuhamia toleo jipya, jambo linalowahusu wengi tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Folda hiyo, pamoja na mabaki ya masasisho yaliyopitwa na wakati, iondolewe kupitia mipangilio ya hifadhi ya Windows yenyewe, wala isifutwe kwa mkono. Nafasi ikiwa bado haitoshi, mtumiaji aitafute kwanza kwenye picha, video za WhatsApp na nakala za mitihani zilizohifadhiwa mara tatu kwa majina tofauti, kabla hajagusa chochote kilicho ndani ya folda ya Windows.